Neno Nililombandika Baba Mkwe

Jumapili, Januari. Rujewa, alasiri.

Jua la Usangu leo halina huruma. Ijumaa niliondoka Iringa nimejitanda kanga juu ya sweta, mvua inanyesha na ukungu umekaa juu ya mji. Hapa nimekaa kwenye chumba tunacholala tukija ukweni, dirisha nimelifungua lote, na pazia halitikisiki. Nje mama mkwe anapepeta mchele. Anaupepeta kwa nguvu kuliko unavyohitaji, na hajanisemesha tangu tulipotoka mkutanoni.

Naona aibu.

Nimeiandika hiyo kwanza kwa sababu najijua. Nikiachwa nianze taratibu nitazunguka, nitapamba, nitaweka kichekesho hapa na msemo pale, na msomaji atamaliza akidhani mimi ndiye niliyekosewa. Kwa maneno mimi ni hodari, na ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Kwa aliyeingia leo kwa mara ya kwanza: naitwa Tusekile, kwetu Tukuyu, nafundisha Kiingereza kwenye sekondari moja ya Iringa, na nimeolewa na Shija, ambaye kwao ni hapa Rujewa. Huu ndio ukurasa ambao kila wiki naweka nomino moja ya Kiingereza ambayo hata Waingereza wengi hawaijui, pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Nomino tu, vitenzi nimewaachia wengine. Napenda kukuta kwamba kitu kidogo tunachokiona kila siku bila kukijali, kuna mtu huko alikaa chini akakipa jina. Aglet, ile ncha ya plastiki ya kamba ya kiatu. Lunula, kile kimwezi cheupe kwenye shina la ukucha. Petrichor, harufu ya udongo mkavu ukinyeshewa na mvua ya kwanza.

Na apricity, joto la jua wakati wa baridi. Hiyo niliiandika Julai moja nikiwa nimeegemea ukuta wa ofisi ya walimu, sote tumejipanga tunaota jua na hakuna anayetaka kengele ilie. Majibu yalitoka Makambako, Njombe, Mbeya, hadi kwetu Tukuyu. Mama mmoja wa Mafinga aliandika, "Kumbe tunachofanya kina jina." Nikavimba kichwa. Wiki nzima nilitembea kama niliyeligundua jua lenyewe.

Ningeishia kwenye jua na kamba za viatu, leo nisingekuwa hapa.

Lakini vitu havichekeshi sana. Wanaochekesha ni watu. Siku moja niliweka groak, yaani mtu anayekukodolea macho ukila akingoja umkaribishe, nikachombeza na kisa cha mwalimu mwenzangu ambaye sikumtaja jina na ambaye shule nzima ilimtambua kabla ya chai ya saa nne. Alicheka. Au alionyesha meno tu, mimi nikachukulia kuwa ni kicheko. Tangu siku hiyo nikawa natembea na maneno yangu nikitafuta mtu wa kumbandika.

Desemba shule zilipofunga, tukaja ukweni.

Baba mkwe wangu anaitwa Mzee Maduhu. Familia yake ilishuka Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani kabla Shija hajazaliwa. Ng'ombe wakapungua, mpunga ukabaki. Ni mtu mrefu, mpole, asiye na haraka ya kuongea. Kwenye mfereji unaolisha mashamba ya upande huu yeye ndiye mgawa maji, na wakulima wenyewe ndio waliomchagua na wanaomlipa mpunga wakivuna. Maji yanakwenda kwa zamu: leo mashamba ya juu, kesho ya kati, keshokutwa ya mkiani, kule mfereji unakoishia. Pale mfereji unapogawanyika kuna geti la chuma linalofunguliwa kwa spana kubwa, na spana hiyo anaishika yeye. Mvua ikichelewa, kama ilivyochelewa msimu huu, na vitalu vya mpunga vinalia maji, kila mkulima anakuwa na dharura yake. Ndiyo maana mgawa maji anakaa getini. Anakaa mchana, anakaa usiku. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kukaa. Akiinuka akaenda zake, kuna mtu atakuja kulifungua geti kwa zamu isiyo yake, na wa mkiani hatapanda.

Mmeona nimeyaeleza haya yote bila kumuuliza mtu? Nayajua. Niliyajua hata Desemba ile.

Asubuhi ya siku yenyewe mama mkwe alinipa chupa ya chai na viazi vitamu nimpelekee mzee getini. Alikuwa amekesha pale. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, kwamba usiku walikuja watu wakitaka awafungulie na akawarudisha. Akanywa chai, akala kiazi, kisha akakunja suruali akatumbukiza miguu kwenye maji. Spana ameiegemeza kwenye geti, mkono wake wa kushoto. Blanketi alilokeshea amelikunja akaliweka juu ya geti likauke umande. Akashika tama, akawa anayatazama maji yanavyokwenda upande wa mkiani. Nyuma yake yangeyange mmoja amesimama, naye anatazama maji. Ilikuwa picha nzuri, nikaipiga.

Na kabla sijarudisha simu mfukoni, neno likanijia. Gongoozler. Mtu asiye na kazi anayekaa kutazama mfereji. Waingereza wana mifereji ya kupitisha boti, na wana watu wanaosimama kando yake kutwa nzima kutazama boti za wenzao, basi wakawapa jina. Neno hilo nilikuwa nimelihifadhi muda mrefu bila kupata pa kulitumia. Pale Iringa mjini ningempata wapi mtu wa mfereji?

Tuliporudi Iringa nikaifungua picha, nikaona haikai. Geti lilikuwa linaonekana vizuri kabisa, na spana, na blanketi. Mtu mwenye spana kando ya geti hawezi kuwa gongoozler. Hata wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wangeniuliza.

Nikaikata.

Niliukata upande wote wa kushoto. Geti likaondoka, spana ikaondoka, blanketi likaondoka. Akabaki mzee, maji na ndege. Ni kazi ya vidole viwili kwenye kioo cha simu, na nakumbuka niliifanya huku nakunywa soda.

Chini nikaandika: "Gongoozler: mtu anayekaa kutwa nzima kutazama mfereji, kazi hana. Kila ukoo una wake. Wa kwetu huyu hapa." Nikamalizia na vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi.

Sijawahi kupata laiki nyingi kama zile. Shija mwenyewe aliweka ya kwake, kisha baadaye akaiondoa. Niliona alipoiondoa na sikumuuliza.

Hayo maneno "wa kwetu" ndiyo yananichoma kuliko hilo la Kiingereza. Kwetu Unyakyusa mke wa mtu na baba mkwe hawaonani. Ukimwona anakuja unaiacha njia, unageuza uso, unangoja apite. Bibi yangu alizeeka bila kulitaja jina la mkwe wake. Siku hizi mjini mambo yamelegea, lakini mimi nililelewa hivyo, na siku ya kwanza Shija aliponileta hapa nilibaki mlangoni sijui macho niyapeleke wapi. Mzee Maduhu akaniita ndani. "Huku kwetu mkwe ni mtoto," alisema. "Njoo ule." Nilimpenda tangu siku hiyo. Ule uhuru alionipa ndio nilioutumia kumpiga picha.

Rujewa si mbali kwa njia ya simu. Haikupita wiki, picha ikawa kwenye magrupu ya wilaya yote ya Mbarali, mengine na jina la ukurasa wangu, mengine bila. Na neno lenyewe, kwa bahati mbaya, linaanza na jina la pombe haramu, kwa hiyo walioshindwa kulitamka lote wakaishia mwanzoni. Mzee ambaye hajawahi kuonja pombe akawa anaitwa Mzee Gongo sokoni. Hilo nilisimuliwa baadaye. Wakati ule mimi nilikuwa Iringa, najibu maoni ya wasomaji, nashukuru.

Baada ya mwaka mpya wakulima wa mfereji wakafanya mkutano. Kuna mkulima mmoja mwenye eneo kubwa mashamba ya juu, watu humwita Baba Jeni, ambaye siku nyingi hapendi kungoja zamu. Akasimama na simu mkononi, akaipitisha watu waione. Mama mkwe alikuwepo, na maneno aliyoyasema amemwambia Shija neno kwa neno: "Oneni hii, hata mkwe wake, mwalimu, msomi, anasema huyu mzee anakaa tu. Sisi tunampa mpunga wa nini?" Watu wakacheka. Baba mkwe alisimama, akaiweka spana juu ya meza, akatoka.

Wakampa spana ndugu wa Baba Jeni. Maji yakawa yanaishia mashamba ya juu na ya kati, na vitalu vya mkiani vikaanza kuwa vya njano. Pale mkiani kuna mama mmoja mjane, Mama Sarah, ambaye kitalu chake kilikauka chote. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi la kwangu nimewalisha hata wasionijua.

Shija aliponisimulia hayo aliongea huku anatazama ukuta. Nikaifuta picha siku ile ile, kana kwamba ilikuwa bado yangu. Mama yangu alikuwa ameshaipata kule Tukuyu, kwenye grupu la akina mama wa kanisa. Akanipigia. Hakunisalimia. "Tusekile, ulimtazamaje baba mkwe wako mpaka ukapata picha yake?"

Ilibidi kuja kuomba radhi. Shija, ambaye ni mtu wa kutafuta njia fupi, alinipa maneno tukiwa njiani. "Utasema hukujua. Wewe ni mtu wa Tukuyu, kwenu mvua inanyesha mwaka mzima, utajulia wapi mambo ya zamu za maji? Mzee ataelewa."

Nikayapokea. Niseme kweli, niliyapokea kwa furaha. "Sikujua" ni neno tamu sana mdomoni. Ukilisema, watu wote wanapumua, na wewe mwenyewe unaonekana mtoto mwema aliyepotea kidogo.

Jana jioni nikapiga magoti mbele yake sebuleni. "Mwadila, baba," nikamsalimia kama wanavyosalimia kwao, akaitikia. Nikasema. Baba, nisamehe, sikujua kama ile ni kazi. Niliona umekaa, nikadhani unapumzika.

Uso wake ukafunguka, nikauona ukifunguka.

"Kama hukujua, basi hakuna kosa," alisema. "Mimi nilikuwa najiuliza tu. Nasema, huyu si ndiye aliniletea chai ile asubuhi? Si nilimwambia nimekesha? Nikasema hapana, labda hakuelewa. Kumbe ni hivyo." Akamwita mama mkwe alete chakula, tukala wote sahani moja. Akamuuliza Shija habari za Iringa. Akanisukumia mimi kipande cha kuku kilichobaki.

Nikakila. Usiku nikalala vizuri, Mungu anisamehe.

Leo baada ya kanisa ulikuwa mkutano wa wakulima, kwenye godauni la mpunga. Shija alikuwa ameniombea nafasi niwaombe radhi, ili mzee arudishiwe heshima yake. Nilivaa gauni refu, nikajifunga kitenge, nikasimama mbele ya watu waliokaa juu ya magunia na mabenchi, nikasema yale yale. Mimi ni mgeni wa huku. Sikujua kazi ya mgawa maji. Naomba mnisamehe na baba yangu asihukumiwe kwa ajili yangu. Niliyasema vizuri. Nafundisha watu kuongea, nitashindwaje?

Wakapiga makofi. Nikakaa.

Baba Jeni akanyanyuka. Nilitegemea afoke, lakini alizungumza taratibu, karibu kwa upole. "Mwalimu mimi simlaumu," alisema. "Wala asiombe radhi. Yeye hana upande huku. Amepita, ameona mtu amekaa, amesema mtu amekaa. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumemzoea mzee wetu, tunamwonea haya. Mgeni ndiye ametuonyesha."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata wa mkiani, niliwaona, wakatikisa vichwa.

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Picha peke yake ungeweza kuibishia. Lakini mimi nilikuwa nimesafiri kutoka Iringa, nimevaa kitenge, nimesimama mbele ya watu kuapa kwamba nilichokiona kwa macho yangu yasiyojua kitu ni mzee asiye na kazi. "Sikujua" yangu ilimmaliza kuliko picha. Nikamtafuta baba mkwe kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, juu ya gunia, kofia gotini, anatazama sakafu.

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusoma jambo lingine. Nikasimama bila kuitwa. Kitenge kililegea, nikakishika kwa mkono mmoja.

"Nilijua," nikasema.

Mwenyekiti akaniambia nisubiri. Sikusubiri, kwa sababu ningesubiri ningetafuta namna nzuri ya kulisema. Nikawaambia nilijua kwamba ile ni kazi. Nilimpelekea chai mimi mwenyewe. Alinieleza kwamba usiku amewarudisha watu waliotaka geti. Picha mliyoiona nimeikata. Nikaitafuta ile nzima kwenye simu, nikampa mtu wa benchi la mbele. Ikaanza kupita mkono kwa mkono. Watu waliikuza kwa vidole, wakaona geti, wakaona spana, wakaona blanketi limekunjwa. Ilipofika kwa Baba Jeni aliitazama muda mrefu kuliko wengine, kisha akampa wa pembeni yake.

Mama Sarah wa mkiani ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa hasira, ila alitaka kujua kweli. "Sasa mwalimu, kama ulijua, ulikata ya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mengine yalikuwa mazuri. "Nilitaka watu wacheke," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Kuna mzee mmoja aliguna, akatema mate nje ya mlango. Nilibaki nimesimama na kitenge changu mkononi kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae.

Ikapigwa kura ya mikono, ndugu wa Baba Jeni akaiweka spana mezani, ikarudi kwa Mzee Maduhu. Hawakumshangilia, walimpisha njia tu aende mezani aichukue. Watu wa mkiani walitoka haraka kwenda kutazama mashamba yao. Walionipita walinisalimia kwa adabu, kama unavyomsalimia mtu aliye na msiba.

Tulirudi kwa miguu kando ya mfereji. Mzee mbele, spana begani. Mama mkwe nyuma yake. Mimi na Shija mwisho. Shija alinigusa bega akanong'ona kwamba nimefanya vizuri, yameisha. Nikakubali kwa kichwa. Na mimi nilidhani yameisha. Nilikuwa nimeanza hata kujihurumia kidogo, na chini ya huruma hiyo, kwa aibu nasema, kulikuwa na kijisifa: tazama nilivyosema kweli mbele ya watu wote wale.

Karibu na nyumba mzee akasimama. Akawaacha Shija na mama yake watangulie, akaningoja.

"Jana uliniambia hukujua," alisema.

"Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Jana nilifurahi," alisema. Kisha akageuka, akashuka na njia ya kwenda getini, maana leo ni zamu ya mkiani na yameshapotea masaa mengi.

Nimekaa hapa tangu saa hiyo naifikiria hiyo furaha ya jana. Nakikumbuka na kile kipande cha kuku. Kumbe wakati mimi nahangaika na spana na heshima yake mbele ya watu, yeye jambo lililokuwa linamsumbua lilikuwa dogo na la nyumbani. Alitaka kujua kama mtoto aliyemwambia njoo ule anaweza kumfanyia vile kwa makusudi. Jana nilimjibu hapana. Leo nimesimama godauni, mbele ya Baba Jeni na wilaya nzima, nimemjibu ndiyo. Mama mkwe alielewa kabla yangu, ndiyo maana anaadhibu mchele.

Ningeweza kumwambia kweli jana, sebuleni, tukiwa wenyewe. Angeumia, lakini angeumia nyumbani kwake, na angekuwa na usiku mzima wa kunifikiria kabla ya kunisikia mbele ya watu. Nilimnyima hata hilo. Nilisema kweli pale tu uongo ulipoanza kunitia aibu mimi.

Sijui kama nimemrudishia kitu au nimemnyang'anya. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimejikwaa ulimi ule ule mara mbili.

Wasomaji wangu mtasubiri neno la wiki. Halipo. Shija anasema nisiufunge ukurasa, watu husahau. Labda. Picha nzima nitaiweka hapa chini nikipata mtandao mzuri, bila neno lolote juu yake wala chini yake, na nawaomba walioisambaza ile ya kwanza waisambaze na hii. Najua hawatafanya. Hii haichekeshi.

Gari la Iringa ni kesho asubuhi. Ruhusa niliyopewa shuleni inaishia hapo. Kuondoka ukweni bila kuaga ni tusi, na matusi yangu yametosha. Mzee atakesha getini. Kwa hiyo kabla ya gari nitatembea mpaka kule, peke yangu, Shija nimemwambia abaki. Nitapiga magoti kwenye tope. Akitaka kuniitikia ataniitikia.

Sijaandaa la kusema.